Miguu Waliyoilimia Matiliku

Binti yangu alizaliwa na nyayo zake zikitazamana, kama watu wawili wanaonong'onezana. Miguu yote miwili ilikuwa imejikunja kwa ndani, visigino vimepanda juu. Ukimsimamisha mapajani alikanyaga kwa ubavu wa mguu. Mama mkwe alimfunika kwa leso akasema tusimwonyeshe watu kwanza. Mimi sikusema kitu. Nimekuwa mtu wa kunyamaza tangu utoto. Shuleni nilifika darasa la nane na sidhani kama kuna mwalimu aliyewahi kuijua sauti yangu.

Aliyemfunua ni nesi wa zahanati yetu, huku kwetu ng'ambo ya Tseikuru. Aliishika miguu, akaisukuma taratibu kwa kidole gumba, akaona inasogea kidogo.

"Hii inanyooka," alisema. "Inafungwa plasta, na kila wiki plasta inabadilishwa na mguu unasukumwa kidogo tena. Lakini wiki isikose. Ukikosa, mguu unarudi ulikotoka. Na ukingoja mpaka mifupa ikauke, atatembea kwa ubavu maisha yake yote."

Akanitajia hospitali iliyo upande wa Makueni, yenye kliniki ya miguu kila Jumatatu.

Anayejua Tseikuru anajua jibu hilo lilivyokuwa zito. Kutoka kwetu mpaka huko unaikata Kitui yote kutoka kaskazini, halafu unaendelea. Kwenda na kurudi kila wiki na mtoto anayenyonya hakuwezekani. Kwenda na kukaa huko ilikuwa kazi nyingine, kwa sababu hatukuwa na mtu. Plasta yenyewe haikututisha. Kilichotutisha ni njia na mahali pa kulala. Mume wangu aliketi kwenye mlango wa zizi akiwatazama mbuzi wetu.

"Tukiuza mbuzi mmoja kila wiki," alisema, "mtoto atapona akute zizi limebaki samadi."

Hata hivyo alimchukua mmoja akampeleka sokoni. Mnunuzi alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka kaskazini mashariki, naye akazaliwa hapa hapa kwetu. Ana lori linaloteremsha mbuzi kwenda masoko ya kusini. Alimpapasa yule mbuzi tumboni akamwambia mume wangu, "Huyu ana mimba. Kwa nini unauza mbuzi mwenye mimba? Umegombana na nani?" Mume wangu akamweleza habari ya miguu. Yule mzee akamrudishia kamba ya mbuzi mkononi.

"Lori langu linapita Makueni," alisema. "Mbele kuna kiti. Mwambie mke wako awe hapa Alhamisi, jua likichomoza. Na asije na nauli, mimi si basi."

Upande wa kulala ulishughulikiwa na mchungaji wetu. Alimpigia simu mchungaji mwenzake wa Matiliku, karibu na ile hospitali, na hiyo simu haikuchukua muda mrefu kama tulivyodhani. Alikuja kwetu siku hiyo hiyo.

"Nyumba ipo," alisema. "Wameuliza mambo mawili tu. Kama mtoto ananyonya vizuri, na kama mama anakula muthokoi."

Nilicheka. Ni nani kwetu asiyekula mahindi ya kukobolewa na maharage? Lakini baadaye nilifikiria lile swali. Hawakuuliza sisi ni watu wa ukoo gani, wala tutakaa mpaka lini.

Alhamisi tanboi, utingo wa lori, aliponiona nimebeba mtoto na mfuko, alijua kiti chake kimekwenda. "Kwa hivyo mimi nakaa na mbuzi?" aliuliza.

"Kaa nao," alisema mzee. "Wamekuzoea. Na wao hawaulizi maswali."

Njiani mzee alisimamisha lori mara mbili ili kuswali, na mara zote alilitafutia kivuli kwanza. Alisema kivuli ni cha mbuzi, lakini aligeuza lori mpaka upande wangu ndio ukapata kivuli. Mjini Mwingi alininunulia chai na mandazi. Hakuniuliza neno la ziada na nilimshukuru kwa hilo, kwa moyo tu. Tulipofika njia ya kuingilia Matiliku alisema, "Siku ya kurudi, mume wako aniambie sokoni. Mimi kila wiki niko hii njia." Akaondoka na mbuzi wake wakilia, na tanboi amerudi kwenye kiti chake akinipungia mkono.

Aliyekuja kunipokea barabarani alikuwa mjane mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Alimchukua mtoto kabla hajanisalimia. Alimfunua miguu pale pale njiani, akaitazama, akasema, "Haya. Miguu tumeiona. Sasa wewe, habari ya safari?" Alitaka nimwite Susu, yaani nyanya. Nami kuanzia hapo sikumwita jina lingine.

Kwa Susu nilipewa kitanda chenye godoro. Yeye alilala kwenye kitanda cha kamba upande wa jikoni, akasema mgongo wake umezoea kamba na godoro humchelewesha kuamka. Sikujua kama ni kweli. Asubuhi niliposikia wanawake wakiimba shambani kwake nilifikiri, hapa sasa ndipo nitakapolipa. Nilimfunga mtoto mgongoni, nikachukua jembe lililokuwa limeegemezwa ukutani, nikatoka.

Walikuwa wengi, wamejipanga kwenye mteremko wakichimba matuta ya fanya-juu, udongo wanautupa upande wa juu wote pamoja. Waliponiona na jembe waliacha kuimba.

"Weka chini hilo jembe!" alisema mmoja, mnene, aliyekuwa akiongoza wimbo. "Umetumwa na nani?"

Nilisimama tu.

"Anaongea huyu?"

"Mwache. Ametoka Tseikuru. Kule maneno ni adimu kama maji."

Walicheka, na mimi nikajikuta natabasamu nikiangalia chini. Yule mnene akaja akaninyang'anya jembe taratibu. "Sikiliza, mama. Kazi yako hapa si kulima. Kazi yako ni miguu." Toka siku hiyo jina langu Matiliku likawa Mama Miguu.

Nilielewa mpango wao kidogo kidogo, kwa kusikiliza. Mwethya sisi Wakamba wote tunao: wanawake hulima shamba la huyu leo na la yule kesho, kwa zamu. Hawa walikuwa wameongeza jambo lao. Kwao mgonjwa kutoka mbali alihesabiwa kama shamba. Mwanamke aliyekuwa na mgeni wa hospitali nyumbani hakutoka na jembe kwenda kwa wenzake, kwa sababu kumlaza mgeni na kumpikia ndiko kulikuwa kulima kwake. Zamu yake ya kulimiwa ilibaki pale pale. Mgeni akiondoka, mgonjwa mwingine alikwenda nyumba nyingine. Wengine walileta unga, kunde, kuni, bila kusema wameleta. Ulikuta kiondo mlangoni. Ndengu za shamba moja la pamoja ziliuzwa kwa ajili ya mafuta ya pikipiki, na mtoto wa kiume wa yule mnene ndiye aliyetupeleka kliniki kila Jumatatu, akiendesha polepole kuliko boda boda yeyote niliyewahi kumwona. Wenzake walimcheka stendi. Walimwita "Gari la Mayai."

Siku moja tukichagua ndengu kwenye ungo, Susu aliniambia jambo hilo lilivyoanza. Aliongea bila kuinua kichwa.

"Mume wangu aliugua koo. Alitakiwa kupigwa miale Nairobi, kila siku, wiki nyingi. Hatukuwa na mtu huko. Tulilala kwenye benchi nje ya hospitali, mimi nikikaa ili yeye anyooshe miguu. Tulivumilia. Halafu asubuhi moja akaniambia, mke wangu, mgongo unaniuma kuliko koo, twende nyumbani. Tukarudi kabla miale haijaisha." Alitupa kijiwe nje. "Watu husema aliuawa na ugonjwa. Mimi niliyekuwepo najua alishindwa na benchi."

Baada ya mazishi alisimama mbele ya mwethya akawaambia maneno hayo hayo. Wiki iliyofuata mmoja wao alimchukua mgonjwa wa kwanza.

Kliniki ilikuwa na kijana mmoja wa plasta, mpole, ambaye alimwekea mtoto mikono kama mtu anayeshika yai la kware. Mtoto alinyonya huku anafungwa, hivyo hakulia sana. Nilitazama mikono ya yule kijana kila Jumatatu. Kidole gumba kilikaa upande wa nje, mahali palipovimba kidogo chini ya kifundo. Vidole vya mkono mwingine viliupeleka mguu nje, polepole, bila nguvu, halafu vikangoja. Kisha plasta, kutoka vidoleni mpaka pajani. Aliniambia niangalie vidole visigeuke rangi. Aliniambia pia niilowanishe plasta nyumbani asubuhi ya kliniki, ili asilazimike kutumia msumeno unaowatisha watoto.

"Asubuhi ya Jumatatu tu, tafadhali," alisema. "Si Jumapili. Mguu ukikaa wazi usiku mmoja, unaanza kukumbuka nyumbani."

Na miguu ilinyooka kweli. Kila plasta ilipotoka ilikuwa imesogea. Nyayo zilizokuwa zikitazamana zikaanza kutazama mbele, kama watu waliomaliza siri yao. Nikirudi jioni nilikuta wanawake wanangoja barabarani na majembe begani.

"Vipi Mama Miguu, imefika wapi?"

Nilionyesha kwa kiganja: hivi. Wiki nyingine: hivi. Walishangilia kiganja changu. Miguu yenyewe hawakuwahi kuiona, maana kila nilipoondoka ilikuwa na plasta na kila niliporudi ilikuwa na plasta mpya. Yule mnene alikuwa akigonga ile plasta kwa kidole na kumwambia mtoto, "Hodi! Tunakulimia wewe, na hutufungulii mlango."

Ikabaki Jumatatu moja. Yule kijana alikuwa amesema wiki hiyo, miguu ikiwa tayari, mishipa ya kisigino itakatwa kidogo ili visigino vishuke, afungwe plasta ya mwisho ya kukaa wiki kadhaa, kisha avishwe viatu vyenye chuma. Mume wangu alishamwambia mzee wa lori. Ningepitiwa Alhamisi, lori likirudi, nikapande mbegu kwetu kabla ya mvua, nirudi siku ya kuitoa plasta.

Jumamosi hiyo mchana nilikwenda kisimani. Nilirudi na mtungi mgongoni, mkanda kwenye paji la uso, na kabla sijaingia uani nilisikia Susu akiimba wimbo wa kanisani, na mtoto akicheka. Niliinua macho. Susu alikuwa ameketi kivulini, mtoto mapajani, beseni la maji ya moto mbele yake. Plasta ya mguu wa kushoto ilikuwa imeshafunguka, imelala kwenye majani kama ganda la muhogo. Mguu ulikuwa wazi, mweupe kwa unga wa plasta, ukipiga hewa. Kwenye kiti kulikuwa na soksi mbili nyeupe alizozifuma mwenyewe, ndogo kama za mwanasesere.

"Njoo uone!" aliniambia kwa furaha. "Kesho anakwenda kanisani na miguu yake kama mtu. Wanawake wamelima siku zote hizi, hawajaona hata kisigino. Jumatatu si ndiyo hii imefika? Wacha apumzike, maskini, joto limezidi." Na huku akisema alikuwa akiuvuta mguu wa kulia kuelekea kwenye beseni.

Niliposimama pale mtungi ulikuwa bado mgongoni. Nilijua vizuri nilichotakiwa kusema. Lakini nilikuwa nalala kwenye kitanda cha huyu mama, nakula chakula chake, shamba lake linalimwa kwa ajili yangu, na ana umri wa kumzaa mama yangu. Mtu aliyesaidiwa kiasi hicho mdomo wake huwa mzito. Nilifikiri labda usiku mmoja si kitu. Kisha mguu wa kulia ukagusa maji.

"Susu, acha!"

Kuku walikimbia. Mtu aliyekuwa akipita njiani alisimama akatazama. Mimi mwenyewe niligeuka kidogo kuona nani amepiga kelele.

Susu aliutoa mguu majini, akaushikilia juu. "Kumbe una sauti," alisema.

"Usiulowanishe huo. Mguu ukikaa wazi unarudi. Wamesema asubuhi ya Jumatatu tu, hata Jumapili hapana." Maji ya mtungi yalikuwa yananimwagikia kwenye shingo.

Nilitazamia anikemee. Angeweza. Aliniangalia, akaiangalia ile plasta kwenye majani, na nikaona uso wake ukibadilika akielewa. Hakusema hakujua. Hakusema alidhani. Aliuliza tu, "Sasa tufanye nini?"

Tulimwita kijana wa pikipiki, akapiga namba tuliyopewa kliniki. Yule wa plasta alipokea, ingawa ilikuwa Jumamosi. Kliniki ilikuwa imefungwa. Alisema tusilaumiane. Plasta ya kulia tuikaushe na isiguswe. Mguu wa kushoto ushikwe kwa mkono jinsi nilivyomwona akishika, upumzishwe, ushikwe tena, na Jumatatu tuwe wa kwanza kwenye foleni.

"Mkono si plasta," alisema, "lakini ni bora kuliko kukaa hivi hivi."

Nilimwonyesha Susu. Kidole gumba hapa, vidole vingine hapa, usivute, ngoja. Mikono yake ya jembe ilikuwa mikubwa kwa mguu ule mdogo, lakini alijifunza haraka. Tuliushika kwa zamu mpaka mtoto akalala.

Asubuhi nilimwona hakuvaa nguo ya kanisa. Majirani wanasema Susu hajawahi kukosa ibada hata siku ya mvua ya mawe. Alikaa kivulini pale pale na mguu mkononi. "Mungu anajua niliko," alisema. "Nenda ukapike."

Baada ya ibada walikuja, kikundi kizima, na nguo zao za Jumapili na vitambaa vya kichwa. Walifikiri ni mgonjwa. Yule mnene aliingia wa kwanza akiita, "Susu! Umekufa au umeokoka zaidi?" Akaona mguu wazi, akasimama.

Susu hakunyanyuka, kwa sababu alikuwa ameushika ule mguu. Aliwaambia yote akiwa ameketi. Kwamba alitaka wauone mguu walioulimia. Kwamba ameilowanisha plasta kabla ya siku yake, na mguu huenda ukarudi nyuma, na kama utarudi ni yeye, si hospitali wala si mama ya mtoto. "Huyu ndiye aliyenizuia," alisema, akinielekeza kwa kidevu. "Alinipigia kelele mpaka kuku wakahama. Na ni kheri. Angeninyamazia kwa heshima, mngekuta yote miwili iko wazi."

Nilitamani ardhi inifunike. Halafu sauti ikatoka nyuma, "Kwa hivyo tumelima sisi wote, tumekuja kuonyeshwa mguu mmoja?"

Wakacheka. Susu alicheka pia, na machozi yakamtoka, akayapangusa kwa bega maana mikono ilikuwa na kazi. Yule mnene alikwenda kwenye mtungi, akanawa mpaka viwiko.

"Lete," alisema. "Umeshika toka asubuhi. Hii ni kazi ya zamu. Mama Miguu, nionyeshe."

Nikamwonyesha. Akaja mwingine akanawa. Nikamwonyesha na yeye. Sijawahi kuongea na watu wengi hivyo kwa siku moja: hapa, si hapo, usivute, ngoja, sasa mpumzishe. Walikaa kwenye mkeka mchana wote na nguo zao nzuri, wakipokezana mguu wa binti yangu, viganja vyao vigumu kama ngozi ya kiatu vikijifanya laini. Mmoja alianzisha wimbo wanaoimba wakichimba matuta, lakini kwa sauti ya chini, na mtoto akalala katikati ya wimbo. Walimtazama akilala. Walikuwa wameuona mguu sasa, kila mmoja kwa mkono wake.

Jumatatu yule wa plasta aliupima mguu wa kushoto muda mrefu kuliko kawaida. Susu alikuja na sisi, kwa pikipiki nyingine, ajibu mwenyewe akiulizwa. Hakuulizwa.

"Umerudi kidogo," alisema kijana. "Nilitarajia zaidi. Wa kulia uko tayari, lakini nataka tukate yote siku moja. Mniongezee wiki moja ya plasta."

Wiki moja ilikuwa na maana yake. Alhamisi lori lilipita na mimi sikuwa tayari, na mawingu yalikuwa yameanza kusimama upande wa vilima. Nilikwenda barabarani kumweleza mzee. Niliongea mwenyewe, nikasimulia kila kitu nikiwa nimesimama kwenye ngazi ya lori.

"Basi rudi kwa mwenyeji wako," alisema mzee. "Mimi wiki ijayo niko hapa tena. Nimengoja ng'ombe maisha yangu yote, nitashindwa kungoja mguu?" Tanboi akatoa kichwa. "Kaa sana, mama. Hata mwezi. Kiti ni changu." Mzee alinipa ujumbe wa mume wangu: nisiwe na haraka, atapanda mbegu mwenyewe.

Mvua ilinyesha nikiwa Matiliku. Matuta ya Susu yalishika maji mpaka juu, na alinishika mkono akanipeleka kuyatazama. Jumatatu iliyofuata mishipa ya kisigino ilikatwa, na visigino vikashuka. Alhamisi nilipanda lori na plasta za mwisho. Zilipotolewa kliniki baada ya wiki kadhaa, na viatu vyenye chuma katikati vikaingia miguuni bila kulazimishwa, Susu alikuwepo. Aliuliza mara nyingi sana viatu vinavuliwa lini na kwa muda gani, mpaka yule kijana akaanza kutabasamu kabla swali halijaisha.

Binti yangu sasa anatembea. Anakanyaga kwa wayo wote, na kwenye udongo laini anaacha alama pana kama ya bata. Usiku bado analala na viatu vyake vya chuma, na mara chache kwa mwaka tunateremka kliniki aangaliwe. Hatulipi pa kulala.

Safari hii ya juzi tulikuta Susu ana mgeni mwingine. Ni msichana kutoka upande wa Mbumbuni, na mtoto wa kiume mwenye plasta miguu yote miwili. Siyo mbali kama Tseikuru, lakini kwa kila wiki ni mbali. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, akijibu kwa kichwa. Nilimjua mara moja.

Susu alinishika bega. "Huyu hajafundishwa bado," alisema. "Nilikungoja wewe. Mwonyeshe sheria ya nyumba hii."

Tulitoka naye uani. Susu alichukua beseni tupu, akajifanya anavuta mguu wa mtoto kuelekea majini, akanitazama.

"Susu, acha!" nilisema.

"Sasa yeye."

Msichana alitazama chini. "Susu, acha," alinong'ona.

"Mimi ni mzee, sisikii," alisema Susu, na mguu ukasogea.

"Susu, acha."

"Nini?"

"Susu, acha!"

Kuku walikimbia. Chini kwenye mteremko, ambako wanawake walikuwa wakirekebisha matuta yaliyobomoka, sauti nene ikajibu, "Tumesikia! Mwenye mguu ni nani?" Msichana alifunika mdomo kwa leso, akicheka. Binti yangu, ambaye alikuwa amevaa zile soksi nyeupe zikiwa zimembana sasa, alisikia sauti za shambani akaanza kushuka kuelekea kwao. Susu alimwita avue soksi kwanza, udongo umelowa. Hakumsikiliza. Alishuka hivyo hivyo, akikanyaga tuta kwa tuta.